Guu la Nani Huvunjika?

Wahenga walinena kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii imetuhudumia vyema tangu shule ya msingi, tukiitumia kupamba insha na kuwaonya wakaidi. Hata hivyo, yapo mazingira ambamo haitimii kama ilivyotungwa: mmoja hukataa kusikia, na mwingine ndiye huvunjika guu. Mazingira ninayoyakusudia ni ya mbio za farasi, hususan zile za ubingwa, na asiyesikia ni shabiki mwenye dau mkononi. Sisemi haya kwa kumsingizia mtu, kwa maana shabiki huyo ni mimi.

Huenda msomaji akajiuliza jarida la wanafunzi wa Kiswahili lina haja gani na farasi. Farasi si mgeni katika lugha hii. Tuna saisi anayemtunza, lijamu ya kinywani mwake, hatamu za kumwongozea na kikuku cha kukanyagia anayempanda. Viongozi wetu hushika hatamu kila baada ya uchaguzi, japo ni wachache waliowahi kuishika ile ya ngozi. Hapa Nairobi mbio hizi zina uwanja wake kando ya Barabara ya Ngong, uliofunguliwa mwaka wa 1954, ambako farasi hukimbia juu ya nyasi. Huko ndiko nilikouanzia ushabiki. Saisi mmoja wa makamo, aliponiona nimeinamia orodha ya majina ya farasi kwa bidii ya mtahiniwa, aliniambia, "Kijana, unaanzia mwisho. Uliza kwanza ardhi ikoje leo, ndipo uulize farasi ni nani." Nilidhani ananifundisha kushinda dau. Ilinichukua miaka kadhaa kutambua kwamba kauli yake ilikuwa na maana ya pili.

Kwa asiyeufahamu mchezo huu, ardhi za mbio ni za aina tatu. Ya kwanza ni nyasi, ambayo ndiyo ada ya Ulaya na ya hapa kwetu. Ya pili ni udongo, ambao ndio ada ya Marekani: mchanganyiko wa mchanga na udongo wa mfinyanzi uliolazwa juu ya msingi mgumu, ukanyunyiziwa maji na kuchanuliwa kwa trekta kati ya mbio na mbio. Ya tatu ni ile iliyobuniwa katika miongo ya hivi karibuni: mchanga uliochanganywa na nyuzi na chembechembe za mpira, kisha ukapakwa nta. Wengi wangeiita ardhi ya bandia. Mimi nalikwepa neno hilo makusudi, kwa sababu bandia katika Kiswahili hudokeza udanganyifu, kama vile noti bandia au cheti bandia. Wapinzani wa ardhi hiyo huko Marekani walitumia hila iyo hiyo ya kilugha walipoibandika jina la plastiki. Ukweli ni kwamba hata uwanja wa udongo hutengenezwa: mchanga wake huchaguliwa, husombwa kwa malori, hupimwa na kuchanganywa. Basi nitaiita ardhi mseto, kwa kuwa mseto ndivyo ilivyo, na jina hilo halimhukumu mshtakiwa kabla ya kesi kusikizwa.

Tofauti ya ardhi hizi si ya rangi tu. Juu ya udongo, farasi anayetoka langoni kwa kasi huwa na faida kubwa, kwa kuwa wanaomfuata hurushiwa udongo usoni muda wote wa mbio. Juu ya nyasi, aghalabu farasi hutunza nguvu zao, kisha wakachomoka katika mita mia chache za mwisho. Mbio za ardhi mseto hufanana zaidi na za nyasi kuliko za udongo. Kwa hiyo bingwa wa udongo akipelekwa juu ya mseto anaweza kuonekana kama mwanafunzi hodari wa fasihi aliyetahiniwa ghafla katika hisabati. Kipaji chake hakijapotea. Mtihani ndio uliobadilika.

Hapo ndipo kamari inapoingia. Najua wapo wasomaji ambao dini au malezi yao yamewakataza kamari, wala siandiki ili kuwashawishi. Lakini mbio za farasi za Marekani haziwezi kuelezwa bila dau, kwa sababu dau hulipia sehemu kubwa ya gharama zake. Mtindo ulioenea huko ulibuniwa Paris katika miaka ya 1860 na Joseph Oller: fedha za wote hutiwa katika kapu moja, wenye uwanja na serikali hutoa fungu lao, na kinachobaki hugawanywa miongoni mwa waliobashiri sawa. Maana yake ni kwamba mchezaji hashindani na uwanja bali na wachezaji wenzake. Akitaka kushinda, sharti ajue jambo wasilolijua wengine, au alipime vyema zaidi yao. Ndiyo maana shabiki wa kweli husoma rekodi za farasi kama tunavyosoma miswada ya kale: muda wa kila mbio, umbali, uzito uliobebwa, aliyempanda na aliyemfunza. Andrew Beyer, aliyekuwa mwandishi wa gazeti la Washington Post, alijipatia umaarufu kwa kubuni viwango vya kasi vinavyomwezesha msomaji kulinganisha farasi waliokimbia katika siku na viwanja tofauti. Sehemu kubwa ya elimu hii ilijengwa juu ya udongo. Ukiibadilisha ardhi, umeichoma moto maktaba ya mchezaji.

Maktaba hiyo ilianza kuungua mwaka wa 2006. Mwezi Mei mwaka huo, Barbaro, aliyekuwa ameshinda Kentucky Derby wiki mbili tu kabla, alivunjika mguu wa nyuma katika mbio za Preakness mbele ya umati mkubwa. Alitibiwa kwa miezi minane, na mwezi Januari 2007 ikabidi auawe kwa sindano ili asiteseke zaidi. Katika mwaka uo huo wa 2006, bodi inayosimamia mbio katika jimbo la California iliagiza viwanja vikuu vya jimbo hilo viweke ardhi mseto kufikia mwisho wa mwaka wa 2007. Hollywood Park kilitangulia, Del Mar na Santa Anita vikafuata. Huko Kentucky, kitovu cha ufugaji wa farasi wa mbio, uwanja wa Keeneland uliweka mseto wa Polytrack mwaka wa 2006 bila kulazimishwa na mtu. Hoja ilikuwa moja, kwamba ardhi yenye kuupokea mguu kwa namna moja siku zote ingeupunguzia mfupa kishindo. Mkuu alikuwa amenena.

Kisha ukaja ubingwa. Breeders' Cup ni mashindano yaliyoanza mwaka wa 1984, na huhama kutoka uwanja hadi uwanja. Kilele chake ni mbio za Classic, za kilomita mbili na ushei, ambazo wengi huzichukulia kuwa ndizo zinazomtambulisha bingwa wa mwaka. Mwaka wa 2008 yalifanyika Santa Anita, na kwa mara ya kwanza Classic ikakimbiwa juu ya mseto. Curlin, aliyeshinda Classic ya mwaka wa 2007 na kisha Dubai World Cup ya 2008, zote juu ya udongo, ndiye aliyetarajiwa na wengi. Alimaliza wa nne. Aliyeshinda ni Raven's Pass kutoka Uingereza, na wa pili akawa Henrythenavigator kutoka Ireland, farasi wawili waliojijengea sifa juu ya nyasi za Ulaya. Wachezaji waliokuwa wamelisoma jina la Curlin bila kuisoma ardhi waliondoka mikono mitupu.

Mwaka uliofuata mambo yalizidi kuwa machungu. Marekani ilikuwa imejaliwa farasi jike wawili wa ajabu kwa wakati mmoja. Rachel Alexandra alikuwa amewashinda madume katika Preakness, jambo ambalo farasi jike hakuwa amelifanya tangu mwaka wa 1924. Zenyatta hakuwa amewahi kushindwa hata mara moja. Ulimwengu wa mbio ulingoja wakutane. Hawakukutana. Breeders' Cup ya 2009 ilirudi Santa Anita juu ya mseto, na mwenye Rachel Alexandra akakataa kumpeleka huko kwa sababu ya ardhi. Zenyatta akaingia katika Classic, akabaki nyuma ya wote kwa sehemu kubwa ya mbio, kisha akawapita mmoja mmoja na kuwa farasi jike wa kwanza kushinda mbio hizo. Hata hivyo, taji la farasi bora wa mwaka lilipewa Rachel Alexandra. Mwaka wa 2010 mashindano yalirudi juu ya udongo wa Churchill Downs, naye Zenyatta akashindwa na Blame kwa urefu wa kichwa. Hiyo ndiyo mara ya pekee aliyowahi kushindwa katika mbio 20.

Nilikuwa mtoto hayo yalipotokea. Niliyafikia baadaye kupitia rekodi za video, na bila kusita nikajiunga na walalamishi miaka mingi baada ya malalamiko kwisha. Nilisema kama walivyosema wao: mseto uliharibu ubingwa. Ulimnyima Curlin haki yake, ukawazuia majike wawili kukutana, ukazifanya hesabu za mchezaji kuwa ramli. Nilikuwa na hoja nzuri, nilizipanga vizuri, na nilizitetea mbele ya rafiki zangu bwenini kwa ufasaha ambao leo unanitia haya.

Walalamishi walipata walichokitaka. Santa Anita kiling'oa mseto na kurejea kwenye udongo mwishoni mwa mwaka wa 2010. Keeneland kikafuata mwaka wa 2014, na mwaka wa 2015 kikaandaa Breeders' Cup kwa mara yake ya kwanza, mbio alizoshinda American Pharoah baada ya kutwaa mataji yote matatu ya msimu. Del Mar nacho kilirudi kwenye udongo mwaka huo wa 2015. Mchezaji alirudishiwa maktaba yake. Mimi, nikitazama rekodi, nilishangilia.

Sikuwa nimeitazama kwa makini rekodi moja. Ni ile ya Classic ya 2007, iliyomtawaza Curlin katika uwanja wa Monmouth Park, jimbo la New Jersey, juu ya udongo uliogeuzwa tope na mvua. Katika mbio hizo hizo alikimbia George Washington, farasi kutoka Ireland aliyezoea nyasi. Alivunjika mguu akiukaribia mstari wa mwisho na akauawa papo hapo uwanjani. Ushindi wa Curlin haukubishaniwa na mtu. Hakuna aliyesema kwamba tope lilimpendelea bingwa wa udongo na kumwonea mgeni wa nyasi. Miezi michache baadaye, Mei 2008, Eight Belles alimaliza wa pili katika Kentucky Derby, kisha baada tu ya kuvuka mstari akavunjika vifundo vya miguu yote miwili ya mbele, naye pia akauawa pale pale. Mseto ulipomnyima bingwa ushindi tuliuita dhuluma. Udongo ulipomnyima farasi uhai tuliuita ajali. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Kilichonizindua si rekodi bali tukio nililolitazama likitendeka. Tarehe 2 Novemba 2019 Classic ilikimbiwa tena Santa Anita, safari hii juu ya udongo. Hapa kwetu ilikuwa karibu saa kumi za alfajiri ya Jumapili. Nilikuwa nimeketi na mwenzangu mbele ya kioo kidogo cha simu, dau letu likiwa chai na mandazi ya asubuhi. Uwanja huo ulikuwa umeingia katika mbio hizo ukiwa na sifa mbaya: kati ya tarehe 26 Desemba 2018 na Juni 2019, farasi 30 walikuwa wamekufa pale katika mbio na mazoezi, baada ya majira ya mvua kubwa, na mnamo Machi uwanja ulifungwa kwa wiki kadhaa ili ardhi yake ichunguzwe. Dunia nzima ya mbio ilikuwa ikiomba siku ipite salama. Katika mita za mwisho za mbio za mwisho, Mongolian Groom alivunjika mguu wa nyuma. Vino Rosso alishinda. Mwenzangu alikuwa amemchagua yeye, nami nilidaiwa chai. Hakuna aliyeidai. Tuliketi kimya hadi kulipopambazuka, na swali lililonikaa rohoni halikuwa la hesabu: ardhi hii tuliyoililia turudishiwe, tuliililia kwa faida ya nani?

Tangu siku hiyo nimejifunza kusoma rekodi za aina nyingine. The Jockey Club ya Marekani ilianzisha mwaka wa 2008 hifadhidata ya farasi wanaoumia mbioni, na takwimu zake hutangazwa kila mwaka. Mwaka wa 2009, kwa kila mara 1000 ambazo farasi walitoka langoni, vifo vilikuwa 2.00. Kufikia mwaka wa 2023 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi 1.32. Hizo ni habari njema, na zinatokana na mengi: madaktari wanaokagua farasi kabla ya mbio, masharti makali ya dawa, na upimaji wa viwanja. Lakini ukizigawa takwimu za 2023 kwa ardhi, udongo ulikuwa na vifo 1.43 na mseto 0.97. Anayezisoma haraka atasema tofauti ni sehemu ndogo ya kimoja. Na azizidishe: katika kila mara 100,000 za kutoka langoni, tofauti hiyo ni farasi 46. Sisi ambao hupekua rekodi kutwa nzima tukitafuta nusu ya sekunde hatuna udhuru wa kutoiona tofauti ya farasi 46.

Insafu yanitaka nikiri kwamba mseto si dawa ya kila ugonjwa. Santa Anita kilipouweka mwaka wa 2007, haukupitisha maji ya mvua ipasavyo, na siku kadhaa za mbio zikafutwa mapema mwaka wa 2008. Nta hubadilika tabia jua linapokuwa kali. Wapo wakufunzi walioshuku kwamba mseto hupunguza mivunjiko lakini huzidisha maumivu ya misuli na kano. Aidha, takwimu za ardhi haziwezi kutenganishwa kikamilifu na aina ya farasi wanaokimbia juu yake wala na ustadi wa wanaoitunza. Mfupa wa farasi mara nyingi huwa na nyufa ndogo kabla ya siku ya msiba, na hakuna ardhi itakayoziziba. Anayedai kwamba mseto ungemwokoa kila farasi niliyemtaja hapa anadai asichokijua.

Wala haitakuwa haki kumtwika mcheza kamari mzigo wote. Uwanja wa Meydan huko Dubai ulifunguliwa mwaka wa 2010 ukiwa na mseto wa Tapeta, na Dubai World Cup ikakimbiwa juu yake hadi mwaka wa 2014, kisha kuanzia 2015 ikarejea kwenye udongo. Uwanjani huko hapakuwa na dau wakati huo, kwa kuwa kamari ilikuwa imekatazwa. Lawama hiyo basi ina wenye farasi ndani yake, wanaotaka bingwa wa udongo aishi akiwa bingwa wa udongo ili thamani yake ya uzazi isishuke. Wapo pia waandalizi wanaozitamani bendera za Wamarekani katika mashindano yao. Hata hivyo, palipo na kapu la dau, sauti ya mchezaji ina uzito, kwa maana ni yeye anayelijaza. Kusema kwamba wengine pia wana hatia hakunitakasi mimi.

Hoja kubwa ya upinzani, na ndiyo iliyonishika kwa muda mrefu, ni ile ya ubingwa wenyewe. Husemwa kwamba bingwa sharti ajulikane juu ya ardhi ya jadi, la sivyo cheo kinapoteza maana. Nayo jadi, wahenga walituasa tusiiache kwa ajili ya kipya kipitacho: usiache mbachao kwa msala upitao. Naiheshimu methali hiyo, ila sidhani kwamba aliyeitunga alikusudia mbacha wenye miiba. Tena, ubingwa wa udongo nao ni wa ardhi moja tu. Mashindano yanayohama kutoka uwanja hadi uwanja, kutoka ukavu hadi tope, na bado yakadai kwamba yanapima jambo lile lile kila mwaka, yamepanda farasi wawili, na mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Ama tukubali kwamba kila Classic humtaja bingwa wa ardhi ya siku hiyo, ama tuseme wazi kwamba tunauabudu udongo. Tukikubali la kwanza, ushindi wa Raven's Pass wa 2008 na wa Zenyatta wa 2009 ni halali sawa na wa Curlin wa 2007, na hatuna sababu ya kuukataa mseto kwa jina la haki.

Kinachobaki baada ya hoja ya haki kuanguka ni hoja ya usumbufu. Mseto hutusumbua sisi wenye hesabu. Tunapaswa kujifunza upya, kama vile mhakiki aliyezoea arudhi anavyolazimika kujifunza upya anapokabidhiwa shairi huru. Wapo wahakiki waliokataa, wakasema si shairi. Wapo waliojifunza. Sijasikia kwamba kujifunza kulimvunja mmoja wao guu.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, takwimu za vifo na majeraha za kila uwanja zichapishwe katika orodha ya mbio inayouzwa kwa mashabiki, kando ya viwango vya kasi, ili anayesoma kimoja asiweze kudai hakukiona kingine. Pili, waandalizi wa mashindano ya ubingwa wasikiepuke kiwanja kwa sababu tu kina mseto. Viwanja vya mseto bado vipo, kama vile Woodbine huko Toronto na Turfway Park huko Kentucky, na Gulfstream Park cha Florida kiliongeza njia ya mseto mwaka wa 2021. Tatu, sehemu maalumu ya fungu linalotolewa katika kapu la dau itengwe kwa ajili ya kupima na kutunza ardhi, iwe ni udongo, nyasi au mseto. Marekani ina msingi wa kuyajengea hayo: sheria iliyotiwa saini Desemba 2020 iliunda mamlaka ya kitaifa ya usalama wa mbio, na kanuni zake za viwanja zilianza kutumika Julai 2022. Sheria lakini haiwezi kumlazimisha shabiki kujali. Shabiki akiendelea kuulilia udongo kwa sababu anaujua, wenye viwanja wataendelea kumsikiliza.

Nami siwezi kumshauri Mmarekani huku nimejisahau. Hapa kwetu mbio ni chache na dau ni dogo, lakini farasi wetu wana miguu ile ile. Tuulize nyasi zimekatwa lini, zimemwagiliwa vipi, na farasi gani ameondolewa orodhani kwa sababu ardhi ni ngumu mno. Na akiondolewa yule tuliyemchagua, tusinung'unike kwamba dau letu limeharibika. Aliyemwondoa huenda ndiye mtu wa pekee uwanjani aliyeisoma rekodi hadi mwisho.

Nilirudi Barabara ya Ngong msimu uliopita na kumtafuta yule saisi. Nilimkuta amepiga goti, mkono wake ukipapasa kifundo cha farasi aliyekuwa amemaliza wa sita, farasi ambaye hakuna mchezaji aliyekuwa na haja naye tena. Nilimwambia kwamba siku hizi ninaanza kwa kuuliza ardhi. Hakuinua kichwa. "Wauliza kwa sababu ya pesa au kwa sababu ya huyu?" akasema. Nilimjibu kwamba nilianza kwa sababu ya pesa. Akaendelea kupapasa, mguu wa kwanza, kisha wa pili, hadi akamaliza yote minne.